Kisiwa Alichokificha Lodowick

Pale Stonington, bandari ya Marekani, mwindaji wa sili, wale wanyama wa bahari za baridi, aliyesema kweli kuhusu alikozipata ngozi zake alihesabiwa punguani. Lodowick Hewes hakuwa punguani. Alipokiona kile kisiwa kusini kabisa mwa Rasi ya Horn, ncha ya Amerika ya Kusini, sili wamejaa tele ufukweni, hakukipa jina. Daftarini aliandika kuwa pale ni maji matupu, na bandarini akamwelekeza Kapteni Zebulon Rathbun upande usio na hata jiwe. Zebulon alizunguka huko miezi miwili, akarudi mikono mitupu. Mji mzima ulicheka, na Lodowick, Mungu amsamehe, alicheka kuliko wote.

Safari iliyofuata alimwacha kisiwani mdogo wake, Peleg, na wenzake watano wachune ngozi, naye akaenda kutafuta chumvi ya kuzihifadhi. Dhoruba ikaivunja meli yake. Alirudi nyumbani kwa meli ya watu, mguu mmoja umeliwa na baridi, na meli pekee iliyokuwa ikijiandaa kwenda kusini ilikuwa ya Zebulon.

Akajikokota hadi gatini, mkononi karatasi aliyoandika mahali hasa kilipo kisiwa.

"Zeb, Peleg yuko hapa, na watu watano. Hawawezi kumaliza msimu wa pili wa baridi."

Zebulon akaisoma. "Daftari lako lenyewe linasema hapa ni maji."

"Daftarini nilidanganya."

"Na mimi?"

"Na wewe nilikudanganya. Safari hii naapa kwa kaburi la mama."

"Mwaka jana uliapa kwa Biblia, Lod. Nenda kapumzishe mguu, bwana."

Lodowick alipiga magoti palepale, mbele ya mapipa na watu. Wengine walidhani ni mchezo wake mpya. Zebulon aling'oa nanga, akashika njia yake.

Miaka mitatu baadaye ilifika ramani mpya kutoka London. Kisiwa kilikuwa mahali palepale Lodowick alipopaandika kwenye karatasi, na sasa kilikuwa na jina la waziri fulani ambaye hakuwahi kulowa miguu. Hilo halikumuuma. Alikuwa akitazama ghuba ndogo upande wa mashariki, Peleg na wenzake walikojenga kibanda. Mabaharia wa London walikuwa wameiita Ghuba ya Makaburi Matano.

Watu walikuwa sita. Wa mwisho hakuwa na mtu wa kumzika, na Peleg ndiye aliyekuwa kijana na mwenye nguvu kuliko wote.