Namba ya mwanawe aliyeko Makambako

Leo nimethibitisha kwamba kichwa cha bibi mmoja ni kizima kabisa. Natamani ningeshindwa.

Nafundisha wazee hapa kijijini Yakobi namna ya kutunza ubongo na kumbukumbu. Walale vizuri, watembee, wapunguze pombe ya ulanzi (hapo huwa wananuna).

Baada ya kipindi akanifuata bibi mmoja, kashika simu yake ya kitochi.

"Mwalimu, nimeanza kusahau. Namba ya mwanangu aliyeko Makambako naibonyeza kwa kichwa miaka yote. Siku hizi inaita tu, hapokei mtu. Nadhani kuna tarakimu naikosea."

Nikamwambia aitaje, niijaribu kwenye simu yangu. Akaitaja yote bila kusita.

Ikapokelewa mlio wa kwanza.

"Haloo, nani mwenzangu?"

Bibi akaitambua sauti, akainamia simu akisalimia kwa kilugha. "Kamwene, mwanangu! Ni mimi, mama."



"Mama... niko bize, nitakupigia."

Akakata.

Nami nilivyo mjinga, nikampongeza: "Umeona, bibi? Hujakosea hata tarakimu moja!"

Jamani, mdomo huu.

Akakitazama kitochi chake, kisha akakifunga kwenye pindo la kitenge.

"Basi afadhali ningekuwa nimesahau."

Alhamisi nina kipindi kingine. Mada ni umuhimu wa kuongea na watoto na ndugu kila siku. Bibi kasema atakuja.

Niambieni nyie, namwangaliaje usoni?