Ng'ombe wa Baba Mkwe na Mwezi wa Asubuhi

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa tano, miaka ambayo kwetu Kisondela neno bodaboda hakuna aliyelijua. Nilikuwa shambani nachuma chai, kikapu mgongoni, na mawingu yalikuwa yametufunika wiki ya pili mfululizo, kama kawaida yetu Rungwe. Ghafla yakaachana, na pale juu, karibu na utosi, nikauona mwezi. Nusu kamili, mweupe kama muhogo uliomenywa. Nikashangilia peke yangu kama mwendawazimu. Furaha ile, mwanangu, ndiyo iliyoniponza.

Nikueleze kwa nini. Nilikuwa nimeposwa na kijana wa kijiji cha Masukulu, na baba yangu alikuwa ameniachia mimi nichague Jumamosi ya harusi. Kanisani tungekwenda mchana, lakini bibi harusi aliingizwa kwa wakwe zake jioni, kwa miguu, kwa hiyo mwezi ulitakiwa uwe mzima. Na si kwa ajili ya mashimo ya njiani tu. Kwetu sisi Wanyakyusa wa wakati ule, mke hakukutana na baba mkwe wake uso kwa uso, wala hakumsemesha, sembuse kumgusa! Ukimwona anakuja, unaingia migombani mpaka apite. Sasa gizani utamwonaje? Bibi harusi akimgusa baba mkwe siku ya kwanza, angeweza kurudishwa kwao na harusi ikaishia hapo. Na mimi yule kijana wa Masukulu nilimpenda, sikufichi.

Basi nikakimbia nyumbani. "Baba, leo mwezi ni nusu. Jumamosi ijayo utakuwa mzima!"

Mama akaacha kumenya ndizi. "Mbona jana nilitoka nje usiku wa manane, mawingu yakapasuka kidogo, nikauona ndiyo kwanza unachomoza? Mwezi unaokua hauchomozi saa zile."

"Mama, hii ni hesabu," nikamjibu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, basi nikajiona hakuna kama mimi. Mama akaendelea na ndizi zake. Mawingu yakafunga tena, na kila mtu akabaki na neno langu.

Jumamosi ikafika. Tukafunga ndoa, tukala, na jioni, tukiwa njiani kwenda Masukulu, mbingu ikasafika pote. Shangazi zangu wakageuka kutazama milima ya Livingstone, mwezi uchomoze. Wakatazama wee! Nyota zilijaa kama mchele uliomwagika, lakini mwezi haukuwepo. Shangazi mkubwa akaniuliza, "Mwezi wako umeuweka wapi?" Wakawasha mianzi mikavu, nayo ikaisha kabla hatujafika.

Tulipokaribia nyumba ya wakwe, giza lilikuwa halioneshi hata mkono wako mwenyewe. Mimi nilitangulizwa mbele. Nikajikwaa, nikaangukia kifua cha mtu, nikamshika koti kwa mikono miwili. "Samahani, mama," nikasema. Yule mtu akakohoa. Jamani, kilikuwa kikohozi cha mwanamume, tena mzee.

"Baba mkwe!" mtu akapiga kelele. Nikakimbilia migombani nikiwa na gauni langu jeupe, nikakaa chini, nikalia kwa kwikwi. Nilisikia shangazi wakiulizana kama turudi nyumbani usiku uleule. Nilijua nimekwisha.

Kumbe mzee wa watu alikuwa ametoka kumwondoa ng'ombe aliyefungwa njiani, ili mimi nisijikwae. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Akasimama pale na ng'ombe wake, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani:

"Wewe ng'ombe! Unaniparamia na kunishika koti? Watu wote mmesikia, ni ng'ombe. Hakuna mtu aliyenigusa hapa. Sasa mama zangu, mbona bibi harusi haingii ndani?"

Halafu shangazi mkubwa akacheka, na wote wakacheka, nikanyanyuliwa na kuingizwa ndani nikiwa na tope mpaka magotini. Ndoa yangu ilipona kwa sababu ya ng'ombe.

Asubuhi yake, niko jikoni, nikasikia mzee anaongea zizini kwa sauti kubwa. "Ng'ombe, sikiliza. Mwezi unaouona juu jioni, jua linapozama, huo unakua. Unaouona juu asubuhi, huo unapungua. Upande unaong'aa ndio unaoelekea jua. Na ule mzima kabisa huchomoza Livingstone wakati jua linazama upande wa pili, milima ya Undali. Umenisikia, ng'ombe?" Nilisikia sana. Nilitamani ardhi inimeze, na hapohapo nikawa nacheka.

Basi ng'ombe akasomeshwa miaka mingi. Mwaka mmoja mwezi ulishikwa na giza, majirani wakapiga madebe kwa hofu. Mzee akamwambia ng'ombe kwamba ni kivuli cha dunia yetu, kama wewe ukisimama kati ya taa na ukuta. Kwamba hutokea mwezi ukiwa mzima tu, na si kila mwezi, kwa kuwa njia yake imeinama kidogo na mara nyingi hukikwepa kivuli. Ng'ombe yule alikufa, wa pili akarithi darasa.

Mwishoni macho ya mzee yakafa, na zizi likabaki tupu. Lakini kila jioni alikaa barazani akiuliza, "Ng'ombe, mwezi umefika wapi?" Nami jikoni nikajibu, nikikiambia chungu: "Wewe chungu, mwezi ni wa siku nne, uko juu ya Undali, pembe zimetazama juu." Jioni yake ya mwisho nilikiambia chungu kwamba mwezi ni mzima, mwekundu, unachomoza Livingstone sasa hivi. "Ndaga, ng'ombe wangu," akasema. Asante. Nililia, mwanangu, na mpaka leo nikikumbuka nalia.

Wewe simu yako ina tochi, na inakuonesha mwezi bila kuinua shingo. Sawa. Lakini utazame jioni mbili tatu kabla hujasema utakuwaje, na mtu aliyeuona saa ambayo wewe ulikuwa umelala, kama mama yangu, msikilize. Hilo la kwanza, na ni dogo. Kubwa ni hili: siku ukikuta mwenzako ameaibika mbele za watu, mtafutie ng'ombe wa kumsingizia.

Kyala, Mungu wetu, akuongezee siku zako. Na utakapojikwaa gizani, kwa maana utajikwaa, akuangushe kwenye kifua cha mtu mwema.