Mganda wa Bwana Pettingale

Kezia Thurlow hakumchukia Mahala Borrett kwa ubaya wake. Mahala angekuwa mbaya, shida ingekuwa ndogo. Alikuwa mcheshi, ana nguruwe mnono, na kila mavuno wanawake wa kijiji walimchagua yeye kuwa malkia wa waokota masazo, atangulie shambani na wenzake wafuate. Miaka sita mfululizo! Kezia aliumeza wivu miaka yote hiyo, na wivu haushibishi.

Desturi ilijulikana. Bwana Pettingale, mwenye shamba, akimaliza kuvuna ngano, huacha mganda mmoja, fungu la masuke yaliyofungwa pamoja, umesimama katikati ya shamba. Ukiwa bado upo, kuokota hata suke moja ni wizi. Ukiondolewa, masuke yaliyoanguka ni ya maskini, na huo ndio unga ambao ungewavusha watoto wanne wa Kezia mpaka baridi iishe.

Lakini nani hakudokoa? Waume walirudi na viazi kofiani, wake na kuni chini ya sketi, Kezia akiwamo. Hayo hayakusemwa. Nyumba zote zilikuwa za Bwana Pettingale, aliyesemwa angefukuzwa, na kila mtu alijua la mwenzake.

Asubuhi moja, akienda kisimani, Kezia alimwona Mahala akichomoka shambani, aproni imetuna. Mganda ulikuwa bado umesimama. Moyo wa Kezia uliruka kwa furaha.

"Mbona wanitolea macho, shoga?" Mahala akacheka. "Konzi mbili tu hizi, za uji. Mwanangu ana homa. Nawe juzi si nilikuona na kuni zako, unatembea kama bata anayetaka kutaga!"

"Mimi sijaona kitu," alisema Kezia, akapitiliza kisima hadi mlango wa jikoni kwa Bwana Pettingale.

"Bwana, mimi sipendi kusema ya watu."

"Basi usiseme."

"Ni Mahala Borrett. Ameingia shambani kabla ya mganda kuondolewa."

Alitaka Mahala azuiwe mwaka huu tu, malkia awe mwingine. Ni hilo tu alilolitaka, masikini.

"Mahala peke yake?" Bwana alifoka. "Wezi nyote! Mwaka huu haokoti mtu. Nafungulia nguruwe wangu wayale masazo yote."

"Bwana wee, watoto wangu!"

"Wako watakula. Umenisaidia, kwa hiyo ule mganda ni wako. Upitishe njia kuu, wakuone."

Angeweza kukataa. Akawafikiria wanne wale, akaubeba.

Wanawake walikuwa wamejipanga njiani, magunia matupu mikononi, wakiwatazama nguruwe wakitifua shamba. Hakuna aliyemtukana. "Mpisheni," alisema Mahala kwa sauti ndogo, "ana mzigo."

Reuben, mume wa Kezia, alirudi kazini akauona mganda mezani. "Sili hiyo," alisema, akatoka nje.

Kezia akaanza kuyapukuchua masuke peke yake. Toka uani kwa Mahala alisikia kilio. Wanawake wote walikuwa huko, wanalia kwa ajili ya watoto wao. Kisha Mahala akasema jambo, wote wakaangua kicheko katikati ya machozi. Mikono ya Kezia ikasimama. Kijiji kizima, ni yeye pekee aliyekuwa na ngano, na bado alimwonea Mahala wivu, sasa kwa kile kilio cha pamoja.