Gitaa la Upande wa Kulia

Ndugu zangu, wapenzi wa roki ya zamani, nawasalimu. Wakubwa kwangu, shikamooni.

Leo ilikuwa zamu yangu ya kuleta albamu na kueleza kwa nini naipenda. Mniwie radhi, sikuleta. Wengi wenu mmejiunga nasi mwaka huu, mkaniona nachagua kiti cha upande mmoja na kuwageuzia shavu la kushoto kila mkinisemesha. Wapo waliodhani naringa. Nataka mjue kilichonipata, maana kuna mwenzetu mmoja hayupo hapa, na sababu ni mimi.

Naitwa Perisi. Nafanya kazi masjala, katika ofisi moja ya serikali pale Chamwino, na naishi na mama yangu. Tangu utotoni sikio langu la kulia lilikuwa likitoa usaha. Litatoa wiki mbili, litakauka mwezi, kisha linaanza tena. Mama alikuwa akinidondoshea mafuta ya uvuguvugu, kama alivyofanyiwa yeye. Nilipokua nikajifunza kuliziba kwa pamba na kujifunga kitambaa ili harufu isiwafikie watu. Sikuliona kuwa ni ugonjwa. Niliona ni sikio langu, ndivyo lilivyo.

Muziki huu nilianzishiwa na Mzee Chidawali, mwenye karakana hii ya redio ya hapa Kizota tuliyokaa sasa. Nilimletea redio ya mama, nikamkuta anajaribia spika kwa kanda ya wazungu fulani wa miaka ya tisini. Gitaa linanguruma, mwimbaji anaimba kama mtu aliyeamka na hasira. Nilisimama hapo mlangoni mpaka upande wa kanda ukaisha. Jumamosi iliyofuata nikarudi bila redio.

Wa tatu wetu alikuwa Issa, mkulima wa Busi, kule Kondoa. Enzi zile barabara inajengwa alikuwa mpishi kwenye kambi ya wajenzi, na mhandisi mmoja mgeni alipoondoka alimwachia boksi zima la sidii. Issa hakujua Kiingereza kingi, lakini alijua kila albamu ilivyopangwa, na alikasirika kweli mtu akiruka wimbo. Kila alipoleta alizeti mjini alipitia hapa na albamu moja tu. "Mbili ni nyingi," alikuwa akisema. "Moja uisikie mpaka ikuingie." Saa nane mchana tunaifungulia, tunakaa kimya, ikiisha ndipo tunabishana. Sijawahi kuwa na marafiki kama wale.

Siku moja Issa alikuja na albamu aliyokuwa ametuficha miaka yote. Alisema ndiyo aipendayo kuliko zote, ila alikuwa anaogopa tusije tukaidharau. Akataka niisikilize kwa hedifoni, mimi kwanza.

"Dada Perisi, humo kuna magitaa mawili," akaniambia. "Moja kushoto, moja kulia. La kushoto linauliza, la kulia linajibu. Wewe subiri hilo jibu."

Nikasubiri. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Gitaa la kushoto linapiga, linanyamaza, linapiga, linanyamaza. Katikati hakuna kitu.

"Kaka Issa, hii imeharibika. Upande mmoja haupo."

"Upo, dada. Hebu jaribu tena."

"Nimekwambia haupo!"

Siku hiyo tulikuwa na wageni kama sita. Issa akatabasamu, akasema labda sikutega vizuri. Tabasamu lile likanichoma, mpaka leo sijui kwa nini. Nikamwambia mbele ya watu wote: "Wewe ulikuwa unasonga ugali kambini, muziki utaujulia wapi? Umebeba takataka za mzungu miaka yote hii ukidhani ni dhahabu."

Wageni wakacheka. Issa hakucheka.

Mzee Chidawali akazivaa zile hedifoni, akasikiliza kwa makini. "Pande zote zipo," akasema. Akanivalisha tena, safari hii amezigeuza, ya kulia ameiweka kushoto. Hapo nikalisikia gitaa la pili, tamu kabisa, na la kwanza limepotea. Mzee akanitazama usoni. "Perisi mwanangu, sidii ni nzima. Ni sikio. Jumatatu nenda hospitali."

Hapo ndipo nilipopaswa kuomba radhi. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini nilikuwa na aibu ya ile pamba, nikahisi wote wananinusa. Nikasema nina haraka, nikachukua mkoba. Issa alikuwa anairudisha sidii kwenye kasha lake taratibu, anaifuta kwa pindo la shati.

"Pole, dada," akasema.

Nikatoka.

Hospitali sikwenda. Nilinunua dawa ya matone kwenye duka la dawa, nikaitumia siku tatu, nikaisahau. Baada ya miezi miwili mfupa wa nyuma ya sikio ulianza kuuma, maumivu yasiyolala. Nikiinuka kitandani chumba kinazunguka, natapika. Usaha ukaja na damu. Asubuhi moja nakunywa chai, chai ikachuruzika pembeni mwa mdomo. Mama akaweka kikombe chake chini.

"Perisi, mbona uso umekwenda upande?"

Nikajitazama kwenye kioo. Mdomo umevutika kushoto, na jicho la kulia halifumbiki. Majirani wakasema ni upepo mbaya, mama akaleta mizizi ya kujifukiza. Nikajifukiza siku tatu. Siku ya nne nikaanguka masjala, jalada mkononi, mwili unawaka homa na shingo imekaza kama mti.

Daktari aliyenipokea alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. Alimwonyesha mama picha ya kichwa changu. "Mfupa huu umeliwa," alisema. "Usaha umebakiza ukuta mwembamba sana kufika kwenye ubongo. Tunapasua leo."

"Nitasikia?" nikauliza.

"Dada, kwanza uishi."

Mama akaanza kulia. "Mimi ndiye niliyekuwa naweka mafuta."

"Mama, hukujua," daktari akamwambia. "Sasa unajua."

Walinipasua nyuma ya sikio. Nilipozinduka ulimi ulikuwa na ladha ya chuma, na ladha hiyo ilikaa majuma mengi. Siku za kubadilisha bendeji, walipovuta ile shashi iliyosokomezwa ndani ya sikio, nilihisi wanavuta ubongo wenyewe. Jicho walilifunga kwa plasta nikilala ili lisikauke. Nilijifunza kutembea upya nikishika ukuta wa wodi, mama nyuma yangu, anahesabu hatua kama ninavyoambiwa alihesabu nilipokuwa mtoto. Uso ulirudi kidogo kidogo. Sikio la kulia halikurudi. Limekufa.

Nikiwa bado sijitambui, mama aliniambia baadaye, alikuja mwanamume mmoja kutoka Kondoa na chupa ya asali. Alikaa pembeni ya kitanda kama saa nzima, akauliza kama nasikia maumivu, akaondoka. Nikamjua.

Nilipaswa kwenda Busi mara tu niliporuhusiwa. Nikasema ngoja uso unyooke. Uso ukanyooka, nikasema ngoja mvua zipungue. Nilikwenda uwele ukiwa umeshatoa masuke.

Kabla sijafika kwake niliona shamba linametameta, mpaka nikakinga macho. Nilipokaribia nikaona sidii. Zimetobolewa, zimefungwa kwa kamba kutoka mti hadi mti, zinazunguka kwenye upepo. Chini yake Issa na mama yake walikuwa wanaamia ndege wasile uwele. Mama yake akanisalimia kwa Kirangi, akaniletea kigoda.

"Kaka Issa, nimekuja kuomba msamaha," nikasema. "Lile gitaa lilikuwepo. Sikio ndilo lililokuwa limekufa."

"Najua. Mzee Chidawali alinieleza. Nilishakusamehe, ndiyo maana nilikuja hospitali."

"Basi hizi?"

Akaziangalia kama mtu anavyoangalia mbuzi wa jirani. "Niliporudi siku ile, kila nilipoweka wimbo nilisikia wale watu wanacheka. Nikaona ni kweli, mimi ni mpishi wa kambini. Nikaacha. Mama akasema kwelea kwelea wanaogopa mng'aro." Akacheka kidogo. "Wanaogopa kweli."

Niliomba ile albamu ya magitaa mawili. Alitembea mstari mzima wa kamba akigeuza moja moja. Jua lilikuwa limefuta maandishi yote, hakuweza kuijua. Nikamwambia aache. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, akanisindikiza hadi barabarani, na kwa heshima zote akanishukuru kwa kumtembelea.

Namshukuru Mungu nipo hai. Namshukuru daktari yule, na wauguzi walioshika beseni nikitapika, na mama, ambaye sasa huwazuia majirani wasiwatie watoto mafuta sikioni. Nawaomba, sikio linalotoa usaha lipelekeni hospitali hata kama haliumi. La kwangu halikuuma miaka thelathini. Na mwenzio akikuletea anachokipenda, hata kama hukukielewa, mshukuru. Daktari alinitibu sikio. Nilichomvunjia Issa sijampata wa kukitibu.

Asubuhi ya leo nilimpigia simu. Nikamwambia vijana ni wengi siku hizi, kiti kipo, aje. Akasema ameanza kuvuna. Akaniuliza kama sikio limekauka. Nikamwambia limekauka. Akasema alhamdulillahi, na tukazungumza habari za mvua.