Bashay ya Kitabuni

Rafiki yangu aliiandika nyumba ya mama yangu, nami nilikuja kuijua habari hiyo nikiwa nimesimama mbele ya darasa.

Tulikuwa walimu vijana wa kike katika shule moja ya Nangwa, enzi za Mwingereza, wakati walimu wanawake walikuwa wachache kiasi cha watu kusimama njiani kututazama. Mimi nilitoka Bashay, juu kwenye vilima vya Mbulu, kwa wakulima wenye ng'ombe. Yeye alizaliwa Dongobesh, katika familia ya Waislamu wenye duka. Kiswahili chake kiliteleza. Changu kilikwaruza, maana nilikikuta shuleni. Tulikaa chumba kimoja, tukapikia sufuria moja. Nilipougua homa, yeye ndiye aliyenifulia nguo na kufundisha madarasa yangu pamoja na yake. Sikuzaliwa na dada, lakini kwa muda ule nilisahau kwamba sina.

Jioni alikuwa akiandika hadithi, kisha ananisomea huku nikichambua kunde. Alikuwa na kipaji, sitamnyima hilo.

Likizo moja akaniambia, "Nipeleke kwenu. Kila siku Bashay, Bashay. Na mimi nipaone."

Tulipanda lori la mahindi hadi Mbulu mjini, kisha tukatembea. Nyumba yetu ilikuwa ya zamani, ya aina ile iliyochimbwa kwenye mteremko. Upande wa juu, paa lake la udongo lilikuwa sawa na ardhi, hata mbuzi asiyechungwa vizuri aliweza kujikuta amesimama juu ya vichwa vyetu. Wazee walijenga hivyo ili wavamizi wa ng'ombe wasiwaone, na uvamizi ulipokwisha watu wakaendelea kwa sababu ya baridi. Ndani, upande mmoja walilala ng'ombe, upande wa pili watu, na joto likawa la wote.

"Shikamoo, baba," rafiki yangu alisema, akikunja magoti kidogo.

"Marahaba, mwanangu." Kiswahili cha baba kiliishia karibu na hapo. Mengine nilimtafsiria.

Baba alitaka kumchinjia mgeni kondoo. Nikamweleza kwamba mgeni ni Mwislamu, hawezi kula nyama tutakayochinja sisi. Hakuuliza kwa nini. Alichukua fimbo yake, akateremka hadi madukani, mwendo mrefu, akarudi mchana na mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa akiuza chumvi. Mzee yule alichinja kwa kisu chake mwenyewe, akala nasi, akashuka zake. Mama naye alikwenda kwa jirani kuazima sufuria mpya, kwa kuwa hakuwa na hakika na historia ya vyungu vyake. Kitanda chake cha ngozi akampa mgeni, yeye akalala chini karibu na ndama.

Siku zilizofuata mama alimtembeza kila mahali. Alimpeleka chemchemi. Alimwonyesha mpaka wa shamba letu na la jirani, akamweleza ugomvi wote ulioupata mpaka huo. Akamtajia vilima kimoja kimoja, maana kwetu hakuna mteremko usio na jina. "Mwambie," mama aliniambia, "ukikosa jina la kilima, utamwelekezaje mtu afike kwako?" Rafiki yangu alisikiliza kwa makini, akarudia majina yale kwa ulimi wake wa dukani, na mama akacheka hadi machozi. Mama alikuwa na pengo la meno ya mbele, na alipocheka hakulificha.

Tulipoondoka alitusindikiza mbali.

Baada ya hapo nilijua rafiki yangu amepeleka hadithi kwenye mashindano ya walimu. Nilipomwomba nisome, alisema, "Utaiona ikitoka." Nikafurahi kumngojea. Ikashinda, ikatiwa katika kitabu kidogo cha kusomea, na asubuhi vitabu vilipofika shuleni, mwalimu mkuu akanikabidhi nivitumie papo hapo. Nikamwinua msichana mmoja wa Masakta asome kwa sauti.

Ilikuwa habari ya msafiri aliyefika katika nchi isiyo na njia, yenye vilima visivyo na majina. Watu wake waliishi mashimoni kama fuko. Kutoka shimo moja alitambaa kikongwe mwenye macho mekundu ya moshi, akachekacheka na pengo lake, akampa msafiri kibuyu cha damu ya ng'ombe anywe. Msafiri akatimua mbio hadi akaona mabati ya mji yanang'aa, akamshukuru Mungu. Na nchi ile ilitajwa wazi. Bashay.

Watoto walicheka sana. Yule msichana hakucheka. Aliinua macho kutoka kitabuni.

"Mwalimu, si kwenu huko?"

"Endelea kusoma," nilimwambia.

Nilimkuta rafiki yangu chumbani, uso umejaa furaha. "Umesoma?"

"Nimesomewa. Na watoto wa darasa langu."

Akaona nilivyo, akaweka chini alichokuwa ameshika. "Ile ni hadithi tu. Yule si mama."

"Pengo ni la nani?"

Aligeuka, akaanza kupanga vitabu vyake.

"Na damu? Nani alikupa damu?"

"Nimesikia wafugaji wa huku tambarare wanakunywa. Msomaji wa mbali hajui kuwatenganisha na ninyi."

"Baba alikwenda kumtafuta mtu wa kukuchinjia."

"Najua!" alisema kwa sauti ya mtu anayeonewa. "Kwanza niliandika hivyo. Niliandika kondoo, mzee wa chumvi, chemchemi, vyote. Nikasoma, nikaona hakuna kinachotokea. Mtu anafika, anakaribishwa, anaaga. Nani atampa ushindi mtu wa namna hiyo?"

Mpaka hapo nilikuwa nikidhani labda hakutuona vizuri, moshi ulimsumbua, au tafsiri yangu ilikuwa mbovu. Kumbe alituona sawasawa, akatuandika sawasawa, kisha akatufuta.

"Ungeandika kwenu," nilisema.

"Kwetu ni duka. Kila mtu anajua duka likoje."

"Na kwetu, watu wanapajua?"

"Hawapajui," akajibu. "Ndiyo maana."

Alilisema bila ubaya, kama mtu anayeeleza hesabu nyepesi. Siku hiyo nilipika peke yangu, na yeye peke yake.

Likizo ilipofika nilipanda kwetu nikitumaini habari haijafika. Ilikuwa imenitangulia. Mwalimu wa dini alikuwa amewaambia wazazi wangu kwamba yule binti wa Dongobesh ameiandika nyumba yao kitabuni, akawaachia kitabu chenyewe, na hakuongeza zaidi, labda hakukisoma. Mama alikuwa amefagia uwanja. Alikuwa amemwita jirani yule wa sufuria, aje naye asikie. Baba alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya fimbo.

"Tusomee," akasema.

Ningeweza kuwabadilishia maneno. Nani angejua? Lakini tayari mtu mmoja alikuwa amewabadilishia. Nikafungua, nikawatafsiria kila sentensi kama ilivyoandikwa.

Baba ndiye aliyeanza.

"Anasema hakuna njia."

"Ndiyo, baba."

"Sasa yeye alipita wapi?"

Jirani akacheka, akagundua anacheka peke yake, akaacha. Mama alichukua ncha ya shuka yake, akafunika mdomo, kisha akainuka kwenda kutazama ndama. Tangu siku hiyo nilimwona akicheka mara nyingi, kwa kuwa alikuwa mtu wa kucheka, lakini kila mara kiganja kilitangulia mdomoni.

Rafiki yangu aliomba uhamisho, baadaye akaolewa Katesh. Kabla ya kuondoka alinipa kanga nimpelekee mama. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaikunja. Sikuwahi kumwona ameivaa.

Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo, na nikifika mahali mwandishi anaposema nchi fulani ni tupu, huwa nasimama kidogo, nikawaza nani alimpa maji alipokuwa huko.

Miaka michache baadaye nilihamia shule nyingine, na likizo moja nikafuatana nyumbani na mwenzangu wa huko, mtu mpole. Kwetu mgeni haulizwi kitu kabla hajakaa na kunywa, na mama alikuwa mkali sana juu ya desturi hiyo. Safari hii alisimama mlangoni, akapokea shikamoo ya mgeni, kisha akanivuta kando nyuma ya zizi.

"Huyu," aliniuliza kwa sauti ya chini, "anaandika?"

"Haandiki, mama."

Alinitazama kwa muda kuhakikisha. Ndipo akaingia ndani kuchochea moto.