Mkono wa Mama Barabarani

Pikipiki yangu ilikuwa na taa zote, ila hakuna iliyowaka kwa sababu ya maana. Fundi wa Mpemba, mji mdogo ninapokaa karibu na Tunduma, aliyenibadilishia nyaya alifanya kazi huku akibishana na wenzake habari za mpira, na matokeo yake nikibonyeza indiketa ya kushoto, honi inalia. Nikipiga honi, indiketa ya kulia inawaka. Taa ya breki haikuzimika kabisa, kwa hiyo madereva waliokuwa nyuma yangu waliishi kwa matumaini kwamba nipo karibu kusimama. Nilimrudia fundi mara mbili. Mara ya pili aliniambia kila pikipiki ina tabia yake, niizoee tu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilitamani kumvika helmeti kisha nimgonge na pikipiki hiyohiyo.

Ndipo nikamgeukia mama.

Mama alikuwa amehamia kwangu kutoka Mbozi, baada ya kuwaachia wadogo zangu shamba la kahawa. Mwaka haukuisha akawa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na kila Jumatano mchana nilikuwa nampeleka Tunduma kwenye kikao chao. Nikamwambia, "Mama, nikisema kulia, nyoosha mkono wa kulia. Nikisema kushoto, nyoosha wa kushoto. Wewe ndiye indiketa yangu."

Alilipokea jambo hilo kama amepewa cheo cha pili. Alivua bangili ili mkono uonekane vizuri, jambo ambalo sikulielewa, kwa kuwa bangili ndiyo ilikuwa inang'aa.

Tatizo ni kwamba mkono uleule ndio alikuwa anasalimia nao watu. Kwetu Mbozi humpiti mtu kimya. Na mama alikuwa hasalimii aliowajua tu, alikuwa anasalimia wote: anayelima, anayeanika mahindi, anayekojoa nyuma ya kichaka. Mkono kulia, mkono kushoto, na siku niliyomwambia tunapishana na mchungaji, yote miwili. Bajaji iliyokuwa nyuma yetu siku hiyo ilitoka barabarani yenyewe bila kuguswa na mtu, ikaenda kusimama kwenye shamba la maharage. Malori yakituwashia taa kwa hasira, mama alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. "Madereva wa siku hizi wana adabu," alisema. "Wanaitikia."

Sababu ya kusalimia wote niliijua mimi peke yangu. Mama alikuwa haoni, ila vivuli na rangi tu. Daktari alishatuambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, tena upasuaji wake ni mdogo na mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Tukichelewa sana, alisema, itakuwa shida. Mama akakataa katakata. Nilibembeleza, nikafoka, nikanuna siku tatu bila kula naye. Jibu lilikuwa lilelile.

"Wakijua sioni, watanivua uenyekiti. Na nikimpita mtu bila kumsalimia, watasema nimeanza maringo tangu nije kukaa mjini. Acha niwasalimie wote, baba. Salamu haijawahi kumuumiza mtu."

Ilikuwa imemuumiza mwenye bajaji, lakini sikusema. Ukweli niliogopa. Kila Jumatano niliogopa mambo mawili kwa pamoja: kwamba lori litatupitia, na kwamba macho ya mama yataisha kabisa huku mimi nikimwendesha kama mjinga.

Jumatano moja tulikuwa tunaingia Tunduma, pale foleni ya malori ya kwenda mpakani inapoanza kubana. Nyuma yetu kulikuwa na lori la Zambia. Mimi naenda moja kwa moja, sijasema kulia wala kushoto. Ghafla naona kivuli cha mkono kwenye lami. Mama ameunyoosha kulia, umekakamaa, vidole vimekunjuliwa.

Lori likafunga breki kutupisha. Lililokuwa nyuma yake nalo likafunga, na la nyuma ya hilo, mpaka sauti za breki zikawa zinasikika kwa mbali. Mimi nikaendelea moja kwa moja. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Iwe! Wewe! Unapinda au hupindi?"

"Hatupindi!" nikajibu, na kwa kuchanganyikiwa nikapiga honi. Indiketa ya kulia ikawaka.

Trafiki alitufikia akitembea taratibu, maana hakukuwa na chombo chochote cha kukimbizana nacho, kila kitu kilikuwa kimesimama. Alimwamkia mama kwanza, "Shikamoo mama," naye akaitikia vizuri sana. Kisha akaniuliza mimi, "Umeonyesha mkono, umewasha indiketa, hujakata. Unakwenda wapi?"

"Mkono ni wangu, mwanangu," mama akamwambia. "Nilikuwa namsalimia yule mama wa dukani. Yule mwenye gauni la njano."

Trafiki akageuka. Nikageuka. Dereva wa lori naye akageuka. Mbele ya duka la nguo, ikiwa imefungwa kwa kamba kwenye nguzo isiangushwe na upepo, ilisimama sanamu ya kuvalishia nguo. Gauni lilikuwa la njano kweli. Kichwa haikuwa nacho.

Hapo nikaona kitu kibaya zaidi. Katika bajaji iliyonasa pembeni yetu alikuwa amekaa katibu wa akina mama, mzee mwenzake mama, na sare yake ya kanga. Alikuwa anasikiliza kila neno. Mwezi mzima wa kuficha ulikuwa unaishia mbele ya sanamu.

Nikanyanyua mkono wangu nikaisalimia. "Ni kweli, afande," nikasema. "Hata mimi namfahamu."

Trafiki akaitazama sanamu, kisha mimi. "Ameitikia?"

"Bado."

"Huyo haitikii!" mama akadakia. "Wiki ya tatu namsalimia, kimya. Ana dharau sana."

Watu wakaanza kucheka. Ndipo katibu akatoa kichwa kwenye bajaji.

"Mwenyekiti, usijisumbue na huyo!" alisema kwa uchungu mkubwa. "Hata mimi hajawahi kuniitikia. Amevaa gauni lake jeusi hilo anajiona!"

Mkono wake ulikuwa umeelekea duka la pili. Pale palikuwa na tangi la maji, jeusi, la plastiki, lenye bei imeandikwa kwa chaki.

Trafiki akatuambia sote tuondoke, kwa sauti ya mtu anayehitaji kwenda kukaa chini. Nikaondoka. Tulipofika mahali penye nafasi nikasimama kando, nikazima pikipiki. Sikuweza tena.

"Mama," nikamwambia, "yule mwenye gauni la njano ni sanamu. Haina hata kichwa."

Nilihisi mikono yake ikikaza koti langu, na nikajuta kwa ukali wa sauti yangu.

"Na yule wa katibu?" akauliza.

"Lile ni tangi la maji."

Malori yalikuwa yanapita, moja baada ya jingine.

"Hali yake ni mbaya kuliko yangu," akasema. "Mimi angalau wangu alikuwa na gauni."

"Ndiyo, mama."

"Anajua?"

"Hajui."

Akashusha pumzi, akajifunga kanga vizuri kiunoni kama mtu anayejiandaa kwa kazi.

"Geuza, baba. Mwambie yule daktari tunakuja wawili. Siwezi kumwacha mwenzangu anagombana na tangi."