Bima Inaisha Jumatano

Kwa miaka kumi na minne Ephantus Kahiga alizijua ofisi za bima za Thika kwa nje tu. Kila mwezi wa saba alimpeleka mkewe, Wakonyo, kwa ile Korola nyeupe, akaegesha, akabaki ndani kusubiri. Wakonyo aliingia ofisi ya chini, akatoka, akapanda ngazi za ile ya juu, katika jengo lilo hilo. Akirudi alifunga mlango kwa kishindo.

"Wale wa juu wamepunguza mia nane. Nimewaambia wa chini wamenipa bei afadhali."

"Walikupa?"

"Hawakunipa. Wa juu watajuaje?"

Kahiga alicheka, akawasha gari. Kwake yeye, bima ilikuwa hiyo.

Wakonyo alizikwa mwezi wa pili, nyuma ya nyumba yao huko Theta. Sasa mwezi wa saba ulikuwa umefika, na karatasi ya bima kwenye kioo ilisema inaisha Jumatano. Hakuisoma mwenyewe, maana hakuenda shule. Alisomewa na Beth, dada ya marehemu.

Na haraka yote ilikuwa ya Beth. Figo zake zimekufa, zote mbili. Kila Jumatatu na Alhamisi ni lazima alazwe kwenye mashine ya kusafisha damu katika hospitali moja ya Thika, saa nne nzima, na akitoka hapo hasimami bila kushikwa. Alihamia Theta ili Wakonyo amwangalie. Wakonyo akatangulia, wakabaki wao wawili. Teksi ya kwenda na kurudi mara mbili kwa wiki? Kahiga aliuliza bei mara moja, hakuuliza tena. Pikipiki kwenye ile njia ya mashimo? Daktari alikataa, na matatu haziingii Theta. Na gari lisilo na bima halipiti kizuizi cha polisi. Beth akikosa mashine siku moja, anavimba miguu. Akikosa mara tatu, basi.

Ilibidi bima ipatikane kabla ya Alhamisi.

Jumatatu, Beth alipokwisha kufungwa mipira ya mashine, Kahiga alipanda ngazi za wale wa juu. Zilikuwa ngazi thelathini na moja. Alivua kofia kabla ya kufika mlangoni.

Msichana wa mezani aliitwa Dianah. Alimpa kiti, akamuuliza gari ni la mwaka gani.

"Tisini na nane."

"Ah. Hiyo hatuwezi kuipa bima kubwa, mzee. Imezeeka."

"Hata mimi."

Dianah akacheka. Akamweleza kuna ile ndogo, ya kumlipa mtu ukimgonga, akataja bei. Kahiga akakumbuka jinsi kazi hii inavyofanywa. Akakohoa.

"Wa chini wamenipa bei afadhali."

"Wa chini gani, mzee? Chini kuna kinyozi."

Kahiga akaangalia kofia yake. Ile ofisi ya chini, kumbe, ilishahama, na hakuna aliyemwambia. Dianah hakumcheka sana. Alipunguza kidogo bila kubembelezwa, akaomba kitabu cha gari.

Kitabu kilikuwa kwa jina la Wakonyo. Siku waliyonunua gari, muuzaji alileta karatasi ya kutia sahihi na kile kisahani cha wino kwa wasiojua kuandika. Watu walikuwa wamesimama wakitazama. Kahiga alitia mikono mfukoni akasema, "Andika mama." Wakonyo akatia sahihi yake nzuri, yenye mkia, na hakumuuliza kitu, siku hiyo wala baadaye.

"Huyu Wakonyo ni nani yako?"

"Mama wa nyumba yangu."

"Na kitambulisho chake?"

Kahiga akatoa kivuli, ile nakala ya mashine, imekunjwa mara nne.

"Na chenyewe?"

"Kilichukuliwa."

"Na nani?"

"Serikali. Siku ya kibali cha kuzika."

Dianah akaondoa vidole kwenye kompyuta.

"Pole sana, mzee."

Kisha akaeleza, kwa sauti ya chini, kwa kuwa kulikuwa na mteja mwingine nyuma. Gari ni la marehemu. Marehemu hawezi kukatiwa bima. Aende kwa chifu apewe barua ya kutaja warithi, watoto wote wakubali, waende kortini, gari litoke kwa jina lake liingie kwa jina la Kahiga. "Ukifika hapo, njoo kwangu. Bei ni hii hii."

"Ni siku ngapi?"

"Siku?" Dianah akamtazama. "Ni miezi, mzee."

Mtoto wao alikuwa mmoja, Muigai, na yuko Qatar kwa mkataba mpaka Desemba. Kahiga akavaa kofia. Alijaribu ofisi nyingine huko Makongeni. Jibu lilikuwa lile lile, ila hawa hawakusema pole.

Jumanne akaenda Ruiru. Muuza maziwa mmoja alikuwa amemwambia habari za Mwas, ajenti anayekaa kwenye kibanda cha kioo karibu na stendi, ambaye kwake hakuna lisilowezekana. Mwas alikuwa na meza moja, kompyuta moja na viatu vyekundu. Kwake kila mzee alikuwa guka, babu, na kila bibi alikuwa cucu.

"Niaje, guka! Kaa hapa. Gari iko na shida gani?"

Kahiga akamweleza yote kwa maneno machache. Mwas hakushtuka hata kidogo.

"Sasa shida iko wapi? Kompyuta inajua namba ya gari na jina la mwenyewe. Makaburi haijui. Tunaacha jina la cucu vile liko, unalipa, cheti kinakuja kwa simu. Dakika kumi."

Bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Akavuta fomu.

"Umri wake?"

"Sitini na saba."

"Kazi?"

"Mkulima. Na kanisani anashika hazina."

"Macho yake yako sawa? Anavaa miwani?"

"Ya kusoma tu. Huiacha kila mahali. Juzi ilikuwa kwenye debe la mahindi."

"Ashawahi kupata ajali?"

"Hata hajui kuendesha."

"Hiyo basi tusiandike," akasema Mwas, wakacheka wote wawili.

Kahiga alishangaa mdomo wake. Yeye ambaye nyumbani hutoa neno moja asubuhi na moja jioni, sasa alikuwa anajibu kabla swali halijaisha. Tangu mazishi, watu walimuuliza Wakonyo alikufa na nini. Hakuna aliyemuuliza habari ya miwani yake. Kama fomu ingekuwa na ukurasa wa pili, angekaa hapo mpaka jioni.

Haikuwa nao. Mwas akageuza kompyuta.

"Ni kulipa tu, guka."

"Nikigonga mtu?"

"Usigonge."

"Na nikigonga?"

Mwas akajikuna kidevu kwa kalamu. "Hapo kampuni itauliza Wakonyo yuko wapi. Na hapo, guka, mimi hunijui."

Kahiga akatazama fomu. Hakuweza kuisoma, lakini alijua mahali jina lilipo kwa ule urefu wake. "Kesho," akasema.

"Kesho kabla ya saa sita. Usinichoreshe, guka, usiniangushe."

Alimkuta Beth jikoni, amekaa kwenye kigoda, anamenya viazi, miguu ameiweka juu ya ndoo. Akamwambia. Beth akamaliza kumenya kiazi.

"Amekuuliza macho ya dada yangu?"

"Aliuliza."

"Ukamwambia anaona vizuri."

"Nilimwambia ya kusoma tu."

Beth akacheka, kisha akatupa kisu ndani ya maji. "Baba Muigai, mimi ndiye niliyemwosha. Mimi ndiye niliyemfunga kile kitambaa kichwani. Usimfufue dada yangu kwa sababu yangu."

"Ni karatasi tu."

"Na ukigonga mtoto wa mtu hapo kwa kona ya Theta? Mamake alipwe na nani? Alipwe na kaburi?"

Kahiga akakaa kwenye gunia la makaa.

"Alhamisi itakuja," akasema baadaye.

"Najua itakuja. Miguu inaniambia." Beth akainua sketi kidogo, akabonyeza ngozi ya mguu, kidole kikaacha shimo. "Nitaenda kwa Nzilani."

Nzilani na Beth waliimba pamoja kwaya zamani. Anakaa Makongeni, na kutoka kwake hadi hospitali mtu mgonjwa anaweza kujikokota akipumzika mara mbili.

"Nzilani ana chumba kimoja."

"Na mimi nina mwili mmoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka korti imalize. Ama mimi nimalize."

"Usiseme hivyo."

"Wewe sema, basi. Kuna njia nyingine?"

Kahiga alipekua kichwa chote. Akaona nyumba: kitanda cha Wakonyo kimevuliwa godoro, kile cha Beth kikivuliwa pia. Akasema neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata Muigai siku ya ndege.

"Usiende."

Beth akafuta mikono kwa leso. Alitazama pembeni, kwa heshima ya shemeji, mpaka uso wa mzee ulipotulia.

"Nikibaki utanizika wiki ijayo. Utanichimbia na nani?"

Jumatano saa nane mchana, bima ikiwa bado hai, walipakia godoro, jiko la gesi na mfuko wa dawa. Kizuizini polisi aliinama kwenye kioo.

"Mzee, hii inaisha leo."

"Najua."

"Ukate nyingine."

"Ndiyo, afande."

Nzilani aliwapokea mlangoni akisema yeye na Beth watalala kichwa na miguu kama watoto wa bweni. Kahiga aliingiza godoro, akalisimamisha ukutani, akasimama. Alipewa chai akainywa ikiwa moto, haraka, kwa sababu gari lilitakiwa kufika nyumbani na kutotoka tena.

"Haya," akasema.

"Haya, Baba Muigai," akasema Beth.

Alhamisi alfajiri aliitafuta jeki. Gari la kukaa muda huharibika magurudumu likiachwa chini, kwa hiyo aliliinua upande mmoja, kisha mwingine, akaweka mawe. Akachomoa betri, akaiingiza ndani ya nyumba. Akaosha mikono, akavaa koti, akaweka mfukoni kile kivuli cha kitambulisho, tayari kwenda kwa chifu. Simu ikalia.

"Nimefika," akasema Beth. Mashine ilisikika nyuma yake. "Nilipumzika mara nne, si mbili. Lakini nimefika."

"Vizuri."

"Umefanya nini?"

"Nimepandisha gari kwa mawe."

"Basi hutakuja Jumatatu kunishika nikitoka."

"Nitakuja."

"Na nini?"

"Na miguu."

"Kutoka Theta? Unajua ni kilomita ngapi?"

Kahiga hakujua. Vibao vya barabarani alisomewa na Wakonyo.

"Nitaondoka Jumapili," akasema.